Mapipa ya Mionzi Yazikwe kwa Nani?

Februari 2004, wakazi wa wilaya ya Buan, kusini-magharibi mwa Korea Kusini, walijiandalia wenyewe kura ya maoni ambayo serikali haikuitambua. Asilimia 72 ya wapiga kura walijitokeza, na karibu 92 katika kila 100 wakakataa kituo cha taka za mionzi kisijengwe kwenye kisiwa chao cha Wido. Haikupita miaka miwili, tarehe 2 Novemba 2005, mji wa Gyeongju ulioko upande wa pili wa nchi hiyohiyo ukapiga kura yake, safari hii kwa mujibu wa sheria, na asilimia 89.5 wakasema ndiyo, tuletewe. Katika muda huo hakuna aliyegundua njia mpya ya kuzima mionzi, na hakuna ushahidi kwamba watu wa Gyeongju ni jasiri kuliko wa Buan. Kilichobadilika ni utaratibu wa kuuliza. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba haki ya jamii kukataa taka hizi haifutiki kwa sheria, kwa ramani ya jiolojia wala kwa amri ya wizara. Itatumika tu. Serikali inachoweza kuchagua ni wakati wake: itumike mapema, mezani, kabla fedha hazijamwagwa, au itumike baadaye, barabarani na mahakamani, kwa gharama ambayo kila mtu atailipa.

Tuanze na kilichomo ndani ya pipa, kwa sababu mabishano mengi huharibika hapo. Taka za kiwango cha chini si mafuta ya kinu yaliyokwisha kutumika. Hayo ni shauri jingine, la maelfu ya miaka. Hizi ni glavu na ovaroli za mafundi, matambara, vichujio vya hewa, vipande vya mabomba, vifaa vya maabara na hospitali, na resini, yaani chembe ndogondogo za plastiki zinazosafisha maji ya kinu na ambazo mara nyingi huchanganywa na saruji ndani ya pipa la lita 200 hadi ziwe jiwe moja. Kwa ujazo ndizo taka nyingi zaidi za sekta ya nyuklia, lakini zimebeba sehemu ndogo sana ya mionzi yake. Kati ya viini vinavyotia wasiwasi zaidi humo ni sesiamu-137, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 30 hivi. Katika miaka 300 hupungua kwa nusu mara kumi, na hesabu ya kugawa kwa mbili mara kumi huacha chini ya sehemu moja ya elfu. Ndiyo maana kanuni za Marekani za mwaka 1982 zilizigawa taka hizi katika madaraja A, B na C. Daraja B lazima libaki na umbo lake kwa miaka 300, na daraja C liwekewe kizuizi cha kumlinda hata mtu atakayechimba pale bila kujua, kwa miaka 500.

Kazi yenyewe, basi, ni kuyazuia maji yasiyafikie mapipa kwa karne chache. Funzo hilo lilipatikana kwa uchungu. Huko Maxey Flats, Kentucky, kuanzia 1963 taka zilizikwa katika mahandaki yaliyochimbwa kwenye udongo uliosifiwa kwamba haupitishi maji. Mvua ikanyesha, ikapenya kwenye vifusi vilivyofunika mahandaki, na kwa kuwa udongo wa chini haukupitisha maji, handaki likajaa kama beseni. Sifa iliyofanya mahali pale pachaguliwe ndiyo iliyopaharibu, na kituo kikafungwa 1977. Tangu hapo wahandisi wamehamishia imani yao kwenye zege, kifuniko na mifereji ya kupitisha maji, na jiolojia imebaki kuwa kinga ya mwisho. Matokeo yake ni muhimu kwa hoja hii. Kama sehemu kubwa ya usalama iko kwenye jengo, sehemu nyingi za nchi zinaweza kufaa. Sayansi ina uwezo wa kufuta majina kwenye orodha, tena kwa ukali: hapa kuna mafuriko, hapa pana mpasuko wa ardhi, hapa maji ya visima yako karibu mno. Haina uwezo wa kubakiza jina moja tu na kusema ni hili. Anayesema sayansi imechagua kijiji chako, mara nyingi anaficha uamuzi wa mtu nyuma ya ramani.

Marekani iliujaribu mwendo huo wa ramani na sheria kuliko nchi yoyote. Mwaka 1979 ilikuwa imebakiwa na vituo vitatu tu vya biashara: Barnwell jimbo la South Carolina, Beatty la Nevada na Richland la Washington. Magavana wa majimbo hayo walichoka kuwa jalala la taifa. Nevada na Washington wakafunga milango kwa muda, na South Carolina ikapunguza kiasi inachopokea. Bunge la Congress likajibu kwa sheria ya mwaka 1980: kila jimbo liwajibike kwa taka zake, na majimbo yaruhusiwe kuingia mikataba ya kikanda, ambapo moja litakuwa mwenyeji, na yasiyo wanachama yanaweza kufungiwa nje au kulipia. Mwaka 1985 wakaongeza tarehe za mwisho na adhabu, mojawapo ikiwa kulilazimisha jimbo lisilo na kituo limiliki taka zote zilizozalishwa ndani yake. New York ilikwenda mahakamani, na mwaka 1992 Mahakama ya Juu ikakitupa kifungu hicho. Kwenye karatasi mpango ulikuwa mzuri na wa haki. Ulikosa jambo moja: hakuna popote sheria iliposema kaunti au kijiji kitaulizwaje, na kikikataa itakuwaje.

Nebraska inaonyesha pengo hilo liligharimu nini. Majimbo matano, yaani Nebraska, Kansas, Oklahoma, Arkansas na Louisiana, yaliingia mkataba, na Nebraska ikateuliwa kuwa mwenyeji mwaka 1987. Gavana Kay Orr aliweka masharti, likiwamo la ridhaa ya jamii, lakini haikukubaliwa ridhaa hiyo ni ya nani: ya kijiji kilicho jirani na eneo, ya kaunti nzima, au ya jimbo? Mwaka 1989 likachaguliwa eneo karibu na kijiji cha Butte, kaunti ya Boyd, nyanda za wakulima na wafugaji, na kila upande ukadai ndio unaosemea jamii. Mwaka uliofuata Orr alishindwa uchaguzi na Ben Nelson, aliyekuwa amesimama dhidi ya mradi. Kazi za leseni ziliendelea kwa miaka, ripoti juu ya ripoti, hadi Desemba 1998 jimbo lilipounyima mradi leseni. Mkataba ukaishtaki Nebraska. Mwaka 2002 jaji wa shirikisho aliamua kwamba jimbo halikutenda kwa nia njema katika kushughulikia ombi, akaliamuru lilipe dola milioni 151. Mwaka 2004 wakapatana kwa dola milioni 141. Kwa hiyo “hapana” ya watu wa Boyd ilifika, lakini ilipita kwenye sanduku la kura za ugavana, ikavaa joho la kitaalamu, na ikawasili muongo mmoja baadaye pamoja na ankara. Mwaka huohuo wa 1998 Texas nayo iliinyima leseni Sierra Blanca, karibu na mpaka wa Mexico. Taarifa ya wakaguzi wa Congress ya mwaka 1999 ilikadiria kwamba majimbo yalikuwa yameshatumia karibu dola milioni 600 bila kujenga kituo hata kimoja.

Korea Kusini nayo ilikuwa imepita njia hiyo tangu 1986. Katika kisiwa cha Anmyeon mwaka 1990 habari za mpango zilizua ghasia; katika kisiwa cha Gureop mpango ulifutwa 1995 baada ya kuonekana mpasuko wa ardhi ulio hai. Buan ndiko mambo yalikofikia ukingoni. Mkuu wa wilaya aliomba kituo mwaka 2003 bila ridhaa ya baraza lake, wakazi wakajaa barabarani kwa miezi, na yeye mwenyewe akapigwa na umati. Serikali ilipokaa kutafakari ilibadilisha mambo matatu. Kwanza, Desemba 2004 iliamua kutenganisha taka za kiwango cha chini na cha kati na mafuta yaliyotumika, na sheria ya Machi 2005 ikakataza mafuta hayo yasiwekewe kituo katika eneo litakalokubali mapipa. Hofu kubwa ya watu, kwamba leo ni glavu na kesho ni sumu ya miaka elfu kumi, ikapata jibu lililoandikwa kisheria. Pili, fidia ilitajwa kwa tarakimu ndani ya sheria: won bilioni 300, makao makuu ya kampuni ya umeme wa nyuklia yahamie hapo, na ada kwa kila pipa. Tatu, uamuzi ukatolewa mikononi mwa mtu mmoja. Baraza la mji liridhie, wataalamu wakague eneo, kisha wakazi wapige kura, na eneo lenye asilimia kubwa zaidi ya ndiyo ndilo lishinde. Gyeongju, Gunsan, Yeongdeok na Pohang zikashindana. Hata Pohang, iliyoshika mkia, ilipata zaidi ya asilimia 67. Nchi iliyokosa mwenyeji kwa miaka 19 ikawa na wanne wanaogombea.

Ubelgiji ilifika karibu na hapo kwa mlango mwingine. Mwaka 1994 shirika lake la taka za mionzi, NIRAS, lilitoa ripoti iliyotaja maeneo 98 yanayofaa kijiolojia. Mabaraza yote ya maeneo hayo yalikataa. Ndipo serikali ilipogeuza mwelekeo mwaka 1998, na kuanzia 1999 vikaundwa vyombo vya ubia katika miji yenye historia ya nyuklia: STOLA huko Dessel, MONA huko Mol, na baadaye kingine huko Fleurus na Farciennes. Ndani ya chombo walikaa madiwani, wakulima, vyama vya wafanyakazi, wafanyabiashara na wanamazingira, pamoja na NIRAS ikiwa mwanachama mmoja kati ya wengi. Walipewa bajeti ya kuajiri wataalamu wao wenyewe, na kazi yao haikuwa kusikiliza mawasilisho. Walisanifu kituo. Katika usanifu uliotoka Dessel, chini ya kila chumba cha zege kuna nafasi ya ukaguzi, ili maji yakipenya yaonekane na mtu ajue yametoka chumba kipi. Huo ni uhandisi unaojibu swali la mkazi: nitajuaje? Dessel na Mol zilikubali mwaka 2005, kila moja kwa masharti yake. Fleurus ilikataa mwaka 2006, ikaachwa, na hakuna aliyeishtaki. Juni 2006 serikali ikaichagua Dessel. “Hapana” ya Fleurus haikugharimu mradi chochote cha maana kwa sababu ilitolewa kabla msumari wa kwanza haujapigwa. Linganisha na “hapana” ya Boyd.

Pingamizi la kwanza, na lenye uzito, ni kwamba usalama haupigiwi kura. Mwamba hauhesabu asilimia. Na Gyeongju yenyewe inatoa ushahidi kwa wapinzani. Awamu ya kwanza ya kituo ni maghala sita ya mviringo yaliyochimbwa mita 80 hadi 130 chini ya usawa wa bahari, yenye uwezo wa mapipa 100,000. Wachimbaji walikuta mwamba dhaifu na maji mengi kuliko walivyotarajia. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba kazi itachelewa kwa miezi 30, na mwaka 2012 ikaongezwa miezi mingine 18. Pipa la kwanza likashushwa Julai 2015. Mwaka mmoja baadaye eneo la Gyeongju likapigwa na tetemeko la kipimo cha 5.8, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa kwa mitambo nchini humo. Wakosoaji walidai kwamba taarifa za udhaifu wa mwamba hazikuwafikia wapiga kura kabla ya siku ya kura. Pingamizi hili ninalipokea, ila halivunji hoja, linaipa umbo. Linadai mfuatano: wataalamu wafute maeneo mabovu kwanza, matokeo yawekwe hadharani, kura ifuate. Kura iliyotangulia ukaguzi wa kina humpa mwanasiasa sababu ya kutotaka kusikia habari mbaya za mwamba, maana mshindi ameshatangazwa. Kosa la Gyeongju halikuwa kuuliza watu. Lilikuwa kuuliza watu ambao hawakuwa na faili lote mkononi.

Pingamizi la pili linasema hiyo ni rushwa iliyovikwa nguo safi. Won bilioni 300, makao makuu ya kampuni, miji ikishindanishwa kama wanunuzi mnadani: maskini atakataaje? Hapa inafaa kutofautisha mambo mawili ambayo lugha ya kisiasa hupenda kuyachanganya. Rushwa hununua uamuzi wa mtu kinyume cha wajibu wake, kwa siri. Fidia hulipa mzigo ambao jamii moja inaubeba kwa niaba ya nchi nzima, hadharani, kwa fungu la sheria. Umeme uliozalisha taka hizo umewasha taa za Seoul na Brussels. Si haki anayepokea pipa apokee pipa tu. Lakini wapinzani wana ukweli katika jambo moja: mashindano ya asilimia yaliyageuza maafisa wa Korea kuwa wapiga debe, na malalamiko kuhusu kura zilizopigwa nje ya vituo yalikuwa mengi. Ubelgiji haikuwa na mnada. Fungu la maendeleo lilikuwa sehemu ya masharti yaliyojadiliwa na wenyeji wenyewe, pamoja na ufuatiliaji wa afya zao. Fidia inayotokana na mazungumzo ni salama kuliko ile inayoning'inizwa mbele ya mbio.

Pingamizi la tatu ndilo gumu kuliko yote: jamii ni nani? Mwaka 2009 kaunti ya Andrews, Texas, iliidhinisha mkopo wa dola milioni 75 wa kusaidia ujenzi wa kituo kwa kura 642 dhidi ya 639. Kura tatu zimeamua jambo la miaka 500, katika kaunti inayopakana na jimbo la New Mexico ambalo watu wake hawakuwa na sanduku. Australia ilipata somo kali zaidi. Serikali ilichagua shamba karibu na mji wa Kimba, South Australia, ikitegemea kura ya mwaka 2019 ambapo karibu asilimia 62 waliunga mkono. Wabarngarla, watu wa asili wenye haki ya kimila juu ya ardhi ya eneo hilo, wengi wao hawakuruhusiwa kupiga kura kwa kuwa hawaishi ndani ya mipaka ya wilaya. Wakaendesha kura yao wenyewe: 83 walikataa, hakuna hata mmoja aliyekubali. Julai 2023 mahakama ya shirikisho ikabatilisha uteuzi huo kwa kuona kwamba waziri alionekana ameshaamua kabla ya kusikiliza, na mwezi uliofuata serikali ikautupa mpango. Wabarngarla walinyimwa “hapana” mwaka 2019, wakaipata 2023. Mfano huu haupingi ninachokisema. Unaonyesha kwamba anayechora mpaka wa wapiga kura ili apate jibu analolitaka anaahirisha pingamizi tu, halafu analilipia riba.

Yupo pia atakayesema kwamba njia hii ni ya polepole mno. Ubelgiji ilianza ubia 1999 na leseni ya Dessel ikatoka 2023. Ni kweli, ni miaka 24. Marekani, iliyoanza kwa tarehe za mwisho na adhabu mwaka 1980, ilipata kituo chake cha kwanza chini ya mikataba ile kinachopokea madaraja A, B na C pale Andrews mwaka 2012, baada ya miaka 32, na hata hicho kilianzishwa na kampuni binafsi iliyojitokeza yenyewe. Katikati ya hapo, Julai 2008, Barnwell ilifunga milango kwa majimbo yasiyo katika mkataba wake, na majimbo 36 yakawa hayana pa kupeleka taka za madaraja B na C. Hospitali na vyuo vikaziweka stoo. Mwendo wa haraka unaorudi nyuma mara tatu hauna haki ya kuuita mwingine goigoi.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili bado ni dogo kwa ujazo. Vyanzo vya mionzi vilivyochoka vya hospitali na viwanda hukusanywa katika ghala la Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania mjini Arusha, na kwa Kenya katika kituo cha Oloolua, karibu na Ngong. Lakini ghala ni mahali pa kusubiria, na Kenya imeshatangaza nia ya kujenga kinu. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kukikataa. Kinu kikijengwa popote kitatoa mapipa, na mapipa yatataka mwenyeji. Wakati huo maafisa watakuja na mabango yanayosema eneo ni salama, na swali la usalama litastahili kuulizwa kwa ukali wote. Kuna mengine manne ya kuulizwa kabla yake, nayo hayahitaji shahada ya fizikia. Nani ana uwezo wa kuusimamisha mpango huu? Hadi tarehe gani? Amepewa fedha za kuajiri mtaalamu wake? Na sheria gani inazuia taka nyingine zisifuate hizi? Mradi usio na majibu ya maswali hayo kwa maandishi bado haujapata mahali, hata kama ramani imeshapigwa muhuri.